Bata wa Mama Mkwe

4 Machi

Mkwe wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yangu na yule paka wenu mvivu. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kulia linasumbua na la kushoto limeanza kuliiga. Bomba la jikoni limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili. Mwanangu mkubwa, shemeji yako, yule tunayemwita Mwenyekiti kwa sababu hata chakula cha jioni anakifungua kama kikao, anakusalimu. Hajasema hivyo, lakini angekuwa na adabu angesema.

Naandika kwa taipureta yangu kwa sababu simu siipendi. Kwenye simu wanangu wananiuliza, "Mama, umekula?" Nikisema ndiyo, wanakata. Miaka yote niliyopiga taipu ofisini hakuna bosi aliyeniuliza kama nimekula, na kazi ilikwenda.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka ile mashine ya gemu iliyoko chumba cha mbele, palipokuwa studio ya picha ya marehemu? Aliiweka pale ili wateja wasichoke kungoja zamu yao. Tangu afariki nimeitandikia kitambaa na kuiwekea chombo cha maua juu, na kwa kweli ni meza nzuri, ila ni ndefu mno. Mwenyekiti anataka itoke. Anataka pale pawekwe kochi nipate kupumzika. Nimemwuliza nipumzike kutokana na nini, maana tangu baba yake afariki hakuna anayeniruhusu kubeba hata ndoo. Akanijibu, "Mama, wewe tulia tu."

Binti yangu anasema wewe na rafiki zako mnatafuta mashine kuukuu kama hiyo kila mji mnaopita. Mnazicheza, mnakula, mnarudi. Sikuelewa raha yake iko wapi, lakini kila mtu na mambo yake. Basi njoo uichukue, nakupa. Ukichelewa, Mwenyekiti atawaita watu wa vyuma chakavu.

Mama mkweo

15 Machi

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na magoti, yote mawili. Binti yako hajambo, amebadilisha mapazia, na paka ameyapanda mapya kama alivyoyapanda ya zamani. Mwenyekiti mwambie nimezipokea salamu ambazo hakuzituma.

Mama, barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na begi begani, nikakaa chini hapo hapo. Ile mashine? Ya bata? Mimi tangu siku ya posa nimekuwa nikiitupia jicho la wizi nikiogopa kuonekana sina heshima. Wazee walikuwa wanazungumza mambo mazito na mimi nachungulia chini ya kitambaa.

Ngoja nikueleze raha yenyewe iko wapi. Unajua kazi yangu: kuzunguka miji kupima mizani za maduka na maghala kama zinasema kweli. Gari la kampuni linaendeshwa na Breki, tuliyempa jina hilo kwa sababu ndicho kitu pekee garini asichokigusa. Rafiki yetu wa tatu ni Fundi Redio, anayedandia safari zetu akitafuta vipuri. Kazi ikiisha, Breki anafungua dirisha na kunusa. Anasema penye chakula kizuri watu hukaa, na watu wakikaa hutaka kucheza. Utanicheka, lakini hajakosea bado. Juzi pua yake ilitupeleka kwenye supu ya kuku, na nyuma ya mpika supu palikuwa na duka la kufulia nguo, na ndani ya duka, katikati ya mashine zinazozungusha soksi za watu, ilikuwapo ya bata! Nilikuwa nimeunguza ulimi kwa supu, nikacheza nikihema kama mbwa, na bado nikafika ghorofa ya nne.

Siku hiyo mchana nilikuwa nimemkamata karani wa ghala aliyedai magunia yake yote yana uzito ule ule kamili, hakuna lililozidi wala kupungua. Nikajua papo hapo hajapima hata moja. Mama, katika kazi yetu namba ya kweli huja na mkia. Ikija imenyooka sana, ujue mtu ameitunga.

Nisikuchoshe. Siwezi kuja kabla ya Mei. Tafadhali mzuie Mwenyekiti. Na ninaomba jambo moja kwa unyenyekevu: toa maua, iwashe, ucheze mara moja tu ili tujue kama vitufe vinafanya kazi. Bata anapanda ngazi za ghala akiokota mayai na paka wanamfukuza. Kila yai ni alama hamsini, yai la dhahabu mia tano, na paka ukimwangusha ni mia mbili. Mkono wa kushoto unamwelekeza bata, kitufe chekundu kinamrusha juu.

Mimi mkweo mtiifu

2 Aprili

Mkwe wangu,

Wote wazima. Bomba limerudi kuvuja pale pa mwanzo. Mwandiko wako umenichukua asubuhi nzima, mpaka nikavaa miwani miwili. Ningekuwa bosi wako ningekupeleka darasani.

Nimeiwasha. Ilikohoa, ikanuka vumbi, halafu ikapiga muziki uliomfanya jirani achungulie ukutani. Mimi miaka yote nilidhani yule ni kuku. Nikabonyeza kama ulivyoagiza. Bata alisimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, paka akaja akamla. Basi nikajua vitufe vinafanya kazi.

Nikajaribu tena kidogo, kuhakikisha tu.

Nina maswali machache, ya uchunguzi. Kwanza, kitufe chekundu kikibonyezwa mara mbili haraka haraka bata anaruka juu zaidi. Ni kawaida hiyo au ni ubovu? Pili, yule paka mwenye kofia wa ghorofa ya tano, anayeshuka kwa kamba, anakwepwa vipi? Nauliza ili ujue hali ya mzigo unaouchukua. Usije ukasema sikukueleza.

Mwenyekiti alikuja Jumamosi na wanaume wawili na mkokoteni. Nikawaambia funguo za chumba cha mbele zimepotea. Wakatafuta, maskini, mpaka chini ya friji. Zilikuwa mfukoni mwangu. Nimefanya hivyo kwa ajili yako tu, maana nilikupa neno langu.

Mama mkweo

Alama zangu za majaribio zilikuwa 26,850. Sijui kama ni nyingi.

20 Aprili

Mama mkwe wangu,

Shikamoo tena na tena. Binti yako anakusalimu, ameanza kazi za zamu na tunapishana mlangoni kama walinzi.

Mama, kwa heshima zote: mtu aliyejaribu mara moja na "tena kidogo" hafiki ghorofa ya tano. Mimi kumwona paka mwenye kofia kulinichukua mwaka mzima na viatu viwili viliisha soli. Nilipowasomea barua yako Breki na Fundi Redio tukiwa mezani, Fundi Redio alipaliwa na kiazi ikabidi tumpige mgongo.

Kuruka kwa kubonyeza mara mbili si ubovu. Ni siri ambayo mafundi wa mchezo huu hawamwambii mtu. Na paka mwenye kofia hakwepwi. Unamngoja ashike kamba kwa mikono miwili, unapita chini yake. Ukimkimbia umekwisha.

Sasa nami nina habari. Tumepata mashine ya bata nyuma ya duka la mikate. Ina unga mpaka kwenye skrini. Mwenye duka anakulazimisha ununue mkate kwanza, halafu unawe, halafu ukaushe mikono kwa taulo lake ambalo lina unga. Breki alikula mikate mitatu ya moto bila kitu cha kushushia, akakaa kimya njia nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nikacheza. Nimepata 31,400.

Sikusudii kukuvunjia heshima, mama, ila bata wako anakimbia kama amevaa viatu vya kuazima.

Mei naja na gari. Andaa funguo "zilizopotea".

Mkweo

9 Mei

Mkwe,

Usije Mei. Mvua ni kubwa, na mlango wa mbele umevimba kwa unyevu, hautapitisha mashine. Halafu mkokoteni wa jirani hauna gurudumu. Halafu goti. Tutaona mwezi wa sita au wa saba.

Nimepata 33,750. Viatu vya kuazima vyako wewe.

Nimeyapa maua nafasi jikoni. Nikimaliza kufua asubuhi naingia chumba cha mbele, nafunga mlango, naketi kwenye kile kigoda cha marehemu alichowakalishia watu wa picha za pasipoti. Kinazunguka, kwa hiyo nikishika mkono wa mashine kwa nguvu najikuta natazama dirishani na bata anakufa peke yake. Nimekizuia kwa kabari ya mbao.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu humu ndani. Tangu nimekuwa mjane watoto wangu wananishika kama glasi yenye ufa. Nikipika chumvi ikazidi, wanasema tamu sana mama. Nikicheza karata na Mwenyekiti, namwona kabisa amebana turufu, halafu ananiachia nishinde na kutabasamu kama amenipa zawadi. Drafti hivyo hivyo. Baba yao alikuwa akinipiga mabao ya drafti bila huruma, kisha anaondoka akiimba mpaka uani. Nilikuwa namchukia kwa dakika kama kumi hivi. Hakuna anayejua jinsi ninavyoikosa chuki ile.

Sasa wewe mtu mzima, fundi wa watu, umeniandikia kwamba bata wangu amevaa viatu vya kuazima. Nilicheka mpaka jirani akachungulia tena. Wewe ndiye mtu pekee anayenitukana kwa adabu. Endelea hivyo hivyo.

Mama mkweo

1 Juni

Mama,

Shikamoo. Poleni na mvua. Huku paka amejifungua, kumbe hakuwa mvivu, na binti yako anasema watoto wote wanne tutawalea. Mimi sina kauli.

Umeomba matusi, basi mkweo mtiifu anatii. Tulipita kwa kinyozi mmoja mwenye mashine ya bata kati ya viti viwili vya kunyolea. Masharti yake: huchezi bila kunyolewa. Fundi Redio ana upara tangu nimjue, lakini alikaa kitini, akafunikwa shuka, akapulizwa poda, akainuka na heshima yake akaenda kucheza. Breki alinyoa ndevu ili acheze, akakosa ghorofa ya pili, akanyoa na nywele ili arudie. Tumerudi naye hatumtambui. Mbele ya kinyozi palikuwa na mama anayekaanga samaki, tukala kwanza, na kinyozi akatunawisha kwa ile sabuni ya povu la ndevu.

Nimepata 39,200, mama. Thelathini na tisa. Bata wako akimwona bata wangu atavuka barabara kumpisha. Nashauri umrudishie maua yake, avae moja masikioni apumzike.

Nimecheka mwenyewe nikiandika hivyo. Binti yako amekuja kusoma begani kwangu, akauliza naandikia nani, nikamwambia. Amekwenda chumbani akafunga mlango. Nadhani amechoka na zamu.

Mkweo mkorofi

19 Juni

Mkwe,

Nimepokea matusi yako na nimeyabandika kwenye friji. Mwenyekiti ameyasoma, akaniuliza ni nani huyu anayetishiwa na bata. Nikamwambia ni mambo ya watu wazima.

Niliteleza bafuni wiki iliyopita. Si kitu. Walinipeleka hospitali, wakanipiga picha ya goti, daktari akasema hakuna kilichovunjika, ila nitembee na fimbo kwa muda. Ukiwaona wanangu ungedhani nimezikwa. Walio karibu wamekuja wote. Binti yangu alipiga simu akalia mpaka nikambembeleza mimi mgonjwa. Sasa hata chai nakorogewa. Mwenyekiti amekwisha chagua kochi. La rangi ya maziwa. Anasema likifika, mashine itatoka tupende tusipende, na kikao kimefungwa.

Lakini alisahau kwamba kucheza gemu hakuhitaji goti. Nimepata 44,600. Paka mwenye kofia nimempita mara tatu, kwa ile mbinu yako, na ghorofa ya saba kuna paka wawili wanaorushiana mpira. Ulikuwa unalijua hilo? Hukulijua. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nimepiga kelele ambayo si ya maumivu.

Nijibu haraka. Nataka kusikia unavyougua.

Mama mkweo

10 Julai

Mama mkwe wangu mpendwa sana,

Shikamoo. Ninatumaini afya yako inazidi kuimarika na kwamba unapata mapumziko ya kutosha. Sisi sote tunakuombea. Binti yako amekuagizia mto wa kuegemea.

Hongera sana kwa ushindi wako. Mimi nimejitahidi kwa uwezo wangu wote lakini nimepata 40,135 tu. Kwa hakika wewe ni bingwa, na sidhani kama nitaweza kukufikia tena. Nadhani tunaweza sasa kusema mashindano yamekwisha na mshindi amepatikana.

Tafadhali usijichoshe na mashine. Macho nayo yanahitaji kupumzika.

Ni mimi mkweo

18 Julai

Sitakusalimu.

Arobaini elfu mia moja thelathini na tano. Nimeipiga taipu namba hiyo mara kumi kwenye karatasi tupu nikidhani labda miwani ndiyo mibovu. Yai ni hamsini. La dhahabu ni mia tano. Paka ni mia mbili. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Hii thelathini na tano imetoka wapi? Siku hizi bata wako anaokota na maganda?

Mimi nimesahihisha barua za mabosi kwa muda mrefu kuliko umri wako. Makosa nayaona kabla sijaiona karatasi. Na barua yako nzima ni kosa. Hakuna Breki, hakuna chakula, hakuna hata tusi moja. "Usijichoshe." Hilo ni neno la Mwenyekiti, na nimelitambua hata likiwa limevaa mwandiko wako mbaya.

Umeniachia. Ulicheza ukapata ulichopata, ukakipunguza ili kikongwe afurahi. Mkwe, ungeniibia taipureta ningekusamehe upesi zaidi. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa anacheza na mimi kweli. Wengine wote wanacheza na mgonjwa. Nimekaa kwenye kigoda cha marehemu nikaona aibu, kama mtu aliyeshangiliwa halafu akagundua watu walikuwa wanamcheka.

Njoo uichukue mashine yako. Mlango haujavimba, haukuwahi kuvimba. Nimerudisha kitambaa na maua. Kochi linakuja mwisho wa Agosti.

Hakuna jina hapa. Unalijua.

29 Julai

Mama,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli. Nimekuachia. Binti yako aliposoma ile barua ya bata kuvuka barabara aliniuliza, "Unamshinda mama yangu? Mjane?" Habari ya kuanguka kwako ilipokuja akaongeza, "Mwenye goti?" Nikajiona mnyama. Siku niliyoandika ile barua alikuwa ameketi mbele yangu, na kila nikiandika sentensi ya kawaida alikuwa anatikisa kichwa. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi, kwa hiyo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Kuhusu ile thelathini na tano, nicheke tu, nimestahili. Nilitaka uongo wangu uaminike. Nikafikiri nikiandika elfu arobaini kamili utajua nimetunga, maana mimi mwenyewe ndivyo ninavyowakamata makarani. Nikaupa uongo mkia ili ufanane na ukweli. Fundi mizani mzima nikasahau kwamba bata hapimwi kwa mizani! Fundi Redio nilipomweleza aliinama nyuma ya gari akacheka mpaka akakaa chini. Breki alisema nirudi kwenye vipimo vya magunia, alama za bata niwaachie wanaojua.

Ukweli ni huu. Siku ile nilipata 47,900. Tulikuwa kwenye chumba cha kungojea cha gereji moja, nimekula mayai manne ya kuchemsha, na niliruka kama mwendawazimu mpaka fundi gari akatoka chini ya gari kuangalia kuna nini. Nilikuwa nimekushinda, mama. Nilikushinda vizuri kabisa, na sikuwahi kuwa na furaha niliyoificha namna ile. Furaha ya kuficha inawasha kama upele.

Mashine yako siitaki. Nimeitamani tangu siku ya posa, nimeiota, na sasa unanipa na siitaki. Jumamosi ya kwanza ya Agosti naja na binti yako, na Breki, na Fundi Redio. Mwenyekiti anajua tunakuja, anadhani tunakuja kubeba. Sisi tunakuja kucheza. Utakaa wewe kwanza, halafu nitakaa mimi, mbele ya watu wote, na nitacheza kama mtu asiye na mama mkwe.

Ukinishinda, nitalia hadharani. Nikikushinda, mniite mnavyotaka.

Mkweo

2 Septemba

Mkwe wangu asiye na adabu,

Marahaba. Na ile ya Julai pia naitikia, marahaba.

Wote wazima. Bomba limepona baada ya Fundi Redio kulishika kwa dakika mbili, na Mwenyekiti hajafurahi, maana yeye alikuwa amemwita fundi mara nne. Breki alisahau hapa kofia yake na nusu ya kuku.

Nyinyi mliondoka kwa haraka mkiogopa giza, hamkuona kilichofuata. Acha nikueleze. Unakumbuka nilipomaliza na 49,050 wote wakapiga makofi kabla hujakaa hata kitini. Unakumbuka Mwenyekiti alivyokohoa ulipofika ghorofa ya sita, na binti yangu alivyojifunika uso kwa mtandio, na wewe ukaendelea kama kiziwi. Unakumbuka 55,300 ilipotokea, na safari hiyo hakuna aliyepiga makofi. Ulinigeukia jasho likikutoka, ukasema, "Shikamoo mama, bata wako namtakia safari njema." Nami nikakujibu neno ambalo sitalipiga taipu.

Basi mlipoondoka Mwenyekiti alivuta kiti, akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Akasema, "Mama, usijali. Ilikuwa bahati yake tu."

Nikamwambia, "Bahati gani? Kanishinda. Kanipiga kweli kweli."

Akasema, "Na wewe unacheka?"

Nikamwambia nacheka, na kesho naamka mapema, na hata mwezi haujaisha nitakuwa nimemlipa, na kwamba tangu baba yake afariki hiyo ndiyo mara ya kwanza ninapoisubiri kesho kwa hamu. Alinitazama. Akaigeukia mashine. Halafu akaniuliza, taratibu, kitufe kipi kinarusha.

Anakuja kila jioni akitoka kazini, anafungua tai, anakaa kwenye kigoda. Hajavuka ghorofa ya pili. Mwanzoni nilidhani ananiachia, nikataka kumtimua. Nimemchunguza vizuri: haniachii, ni mbovu tu. Jana alikula kipigo kibaya, akarusha mikono juu akaniita mwizi, mimi mama yake. Nilimpikia chakula anachokipenda. Chumvi ilizidi, akaniambia imezidi.

Kochi lilifika. Halikuenea chumbani pamoja na mashine, kwa hiyo liko barazani, na jirani ndiye anayelikalia. Mashine haitoki. Siku nikifa ni yako, nimekwisha mwambia Mwenyekiti aweke kwenye kumbukumbu za kikao, na usianze kuniulizia afya yangu kwa hamu.

Leo asubuhi nimepata 61,450. Kagua mkia wake mwenyewe. Kuna ghorofa ya tisa, mkwe. Kuna paka anayeendesha baiskeli. Sikuambii anapitwa vipi.

Mama mkweo

21 Septemba

Mama,

Shikamoo. Wote wazima, paka watano wanakusalimu, binti yako anasema safari hii niandike ukweli mtupu, naye amekaa mbele yangu kuhakikisha.

61,500.

Yai moja tu, mama. Nilipoliokota, huyo mwenye baiskeli akanipitia palepale. Shahidi ni Breki, ambaye supu imemwagika mapajani na hajaitambua bado.

Mkweo